Kompyuta ya Kalamu Yazinduliwa Mtoni

Alhamisi, 1 Agosti 1996

Siku kubwa! Naandika haraka, na si kwa njaa, ingawa chakula cha mchana kimechelewa.

Asubuhi Mzee Muhdhar, mwenye duka la kona hapa mtaani kwetu Mtoni, aliniita. Nikadhani anataka nimshushie magunia, nikaanza kuchechemea mapema. Kumbe mwanawe Mazin, anayefanya kazi Dubai, amemletea kompyuta. Si kama ile ya Anwar wa ng'ambo ya barabara, yenye televisheni juu na mkia wa nyaya. Hii ni bapa, ukubwa wake kama sinia dogo la kahawa. Haina vitufe vya kuandikia. Unashika kalamu isiyo na wino, unaandika juu ya kioo, na maandishi yanabaki!

Mzee Muhdhar anasema yeye hana haja nayo. Hesabu zake zote ziko kichwani, na kichwa hakihitaji umeme. Lakini Mazin amesema akipatikana mtu mmoja tu wa kuagiza, ataleta katoni nzima. Mtu mmoja tu! Nikaomba niazimwe kwa wiki moja. Nitaizindua. Uzinduzi kamili, wenye mgeni rasmi, utepe na pilau. Nitakuwa wakala wa Temeke yote, baadaye Kinondoni, baadaye tutaona.

Nimemweleza mke wangu Mwanakombo. Hakuacha kupepeta mchele.

Tatizo ni chumba cha mbele. Mimi nakiita ofisi, yeye anakiita chumba cha mbele. Tangu nipunguzwe kazini kimekuwa makao makuu ya shughuli zangu: mashine ya kuangulia vifaranga (ilichemsha mayai), ukumbi wa video (mgao wa umeme), maji ya barafu (mgao uleule). Muda wote huo Mwanakombo anashona nguo uani na kuku wanakatiza juu ya vitambaa. Sasa Mwalimu Bernadeta, anayefungua shule ya chekechea hapa jirani, anatafuta fundi wa kushona sare za watoto wote. Kazi ya Mwanakombo ameipenda. Mahali hakupapenda. Amesema hawezi kumpa kazi fundi anayeshona katikati ya kuku, na Jumatatu ya tarehe 12 atakuja kukagua kama amepata chumba.

Tumepatana hivi. Uzinduzi ufanyike Nane Nane, siku ya mapumziko. Akipatikana mteja hata mmoja, chumba ni ofisi yangu moja kwa moja na yeye hatatia neno tena. Asipopatikana, cherehani inaingia. Nilikubali haraka sana. Karibu nimwonee huruma.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimeijaribu mashine. Kuna sehemu inajitia kugeuza mwandiko wako kuwa maandishi ya chapa. Niliandika jina langu, Mfaume, kwa mwandiko wangu wa barua za ofisini. Ikatoa kitu ambacho si jina la mtu wala la mnyama. Nikaandika tena polepole. Ikatoa alama ya kuuliza.

Sehemu ya pili ni nzuri zaidi. Inauacha mwandiko ulivyo. Siku ya uzinduzi tutatumia sehemu ya pili, na ya kwanza nitaitaja kwenye hotuba tu.

Mama mkwe wangu, Bi Naima, anaishi nasi. Alipita akijikokota, maana magoti yanamsumbua, akauliza hicho kioo ni cha nini. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Mwanakombo, na mimi nikamjibu Mwanakombo, na Mwanakombo akamjibu mama yake, ingawa sote watatu tulikuwa tumesimama mlango mmoja. Ndivyo tunavyozungumza tangu nioe. Tunaheshimiana sana. Nimesema ni kioo cha kuandikia. Akasema aha, akaenda zake.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda kumwona diwani awe mgeni rasmi. Amenipokea vizuri, akasema Nane Nane ameshaalikwa kwenye maonyesho ya kilimo, anakwenda kukabidhi kombe kwa mwenye ng'ombe bora. Ng'ombe mbele ya kompyuta! Nchi itaendelea kweli?

Njiani nikapita mbele ya Anwar. Ana duka la madaftari na kalamu ng'ambo ya barabara ya Kilwa, na ndani yake ana kompyuta iliyofunikwa kitambaa alichofuma mama yake. Mteja anaonyeshwa, haruhusiwi kuigusa. Aliniuliza kama ni kweli nazindua sahani. Nikamwambia zama zake zimekwisha. Akasema basi naye Nane Nane atazindua mashine yake ya fotokopi. Nikasema mashine hiyo anayo tangu mwaka juzi. Akasema ndiyo, lakini haijawahi kuzinduliwa.

Nikaondoka kama mwenye haraka.

Mtu huyu tumekaa mkeka mmoja chuoni tangu tukiwa na mapengo. Tangu siku zile alikuwa ananakili kutoka kwenye ubao wangu. Leo anauza fotokopi. Sishangai hata kidogo.

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nakunywa chai, nikasimama na kikombe mkononi, Farida binti yangu akacheka.

Maalim Mwinshehe! Nani hapa Mtoni hakusoma kwake? Mimi, Anwar, mama zetu, madereva, hata wale wanaokwepa kupita msikitini wanavuka barabara wakimwona. Maalim akiwa kwangu hakuna atakayethubutu kuwa kwa Anwar. Nikavaa kanzu nikaenda kumwamkia. Aliuliza kama kutakuwa na muziki. Hakuna. Akauliza kama kutakuwa na pilau. Lipo. Akakubali. Yeye ndiye atakayeandika neno la kwanza mbele ya watu, ila kwanza atakuja Jumanne kufanya mazoezi, kwa sababu hajawahi kuandika hadharani kwa kalamu asiyoijua.

Kabla ya magharibi Anwar akaja mwenyewe, anatazama chini. Akauliza kama ni kweli habari ya Maalim. Nikasema ni kweli. Akasema basi fotokopi itasubiri. Alipofika mlangoni akageuka akaniuliza viti ninavyo? Sina. Akasema ataniletea vya kwake na vya shemeji yake. Nimekubali kwa ukunjufu wa mshindi.

Jumanne, 6 Agosti

Mazoezi yameanza vizuri kupita kiasi.

Maalim alitawadha, akakaa, akaishika ile kalamu, akaipima uzito. Halafu akaandika Bismillahi, na chini yake aya ya kuponya wagonjwa. Mwandiko! Mkono wa mzee yule unatembea juu ya kioo bila kusita. Mwanakombo aliacha cherehani uani akaja kusimama mlangoni. Bi Naima alikuja akishikilia ukuta. Sioni aibu kuandika hivi. Nilijiona mtoto tena, nimekaa kwenye mkeka na ubao wangu mapajani.

Nikanyoosha kidole nifute ili ajaribu tena. Maalim akanishika mkono.

Akaniuliza maandishi nikiyafuta yanakwenda wapi. Akanikumbusha kwamba chuoni ubao wenye aya hatukuufuta kwa kiganja. Tuliuosha kwa maji safi, na maji yakamwagwa mahali pasipokanyagwa, au yakanywewa na mgonjwa. Nimesahau? Sijasahau, mimi na Anwar ndio tuliokuwa tunapangiwa kuosha. Sasa hapa maji yako wapi? Nikataka kumtoa wasiwasi. Nikasema hayaendi popote, Maalim, yanapotea tu.

Hapo ndipo nilipokosea.

"Maneno hayo hayapotei, Mfaume," alisema taratibu, na akanitazama kama alivyokuwa ananitazama nikiruka mstari. "Usiguse kitu hapo mpaka nimuulize mwenzangu."

Mwenzake yuko Mwananyamala.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ngumu.

Mashine yenye aya haiwezi kuwekwa chini. Haiwezi kuwekewa kitu juu yake. Haiwezi kuzimwa, kwa sababu sijui kama maandishi yatabaki, na ole wangu yasipobaki. Nimeiweka juu ya kabati. Kila nikitaka kuigusa natawadha kwanza. Leo nimetawadha mara nyingi hadi jirani akamuuliza Mwanakombo kama kuna jambo natubia.

Betri inashuka. Umeme wa mgao unarudi alasiri. Nimekaa chini ya kabati na waya wa chaji mkononi nasubiri, sijala, sijaenda popote. Umeme uliporudi nilipiga kelele ya furaha peke yangu.

Na watu sasa! Bi Naima alimwambia mwenzake mmoja tu kwamba kwa Mfaume kuna aya imeandikwa na Maalim ndani ya kioo, inang'aa yenyewe. Tangu saa nne akina mama wanaingia. Wenye vichwa, wenye migongo, mmoja kaja na mjukuu asiyelala. Wanasimama, wanasoma, wanaomba dua, wananishukuru mimi. Chumba cha mbele hakijawahi kujaa hivi katika historia yote ya kampuni. Nikamnong'oneza Mwanakombo kwamba hawa wote ni wateja. Alinitazama kwa namna ambayo siiandiki hapa.

Jioni Maalim kaleta ujumbe. Mwenzake wa Mwananyamala naye hajawahi kukutana na swali la namna hii, wanaendelea kulitafakari. Kesho ionyeshwe hivyohivyo ilivyo.

Kwangu hii ni neema. Sina hata haja ya kuonyesha jinsi inavyofanya kazi. Nafunua tu!

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Niandike yote kabla sijapoteza ujasiri.

Asubuhi nilikwenda soko la Tandale kufuata mchele na vitunguu, kwa sababu huko mchele wa pilau ni mzuri na mimi si mtu wa kuzindua kwa mchele wa kawaida. Niliporudi nyumba nzima inanukia marashi ya waridi. Nikafurahi. Nikadhani Mwanakombo ameamua kuwanyunyizia wageni, na kwamba moyo wake umelainika.

Baada ya adhuhuri watu walifurika. Viti vya Anwar vilijaa, vya shemeji yake vikajaa, akina mama wakakaa kwenye mikeka hadi dirishani. Mzee Muhdhar mstari wa mbele na kofia mpya. Msumari wa utepe uling'oka, ikabidi Anwar ashike ncha moja kwa mkono, na aliishika kwa heshima kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nilitoa hotuba. Nilizungumzia karne ijayo. Maalim akakata utepe kwa mkasi wa Mwanakombo, ambao haruhusu ukate kitu chochote isipokuwa kitambaa. Nikaona Mwanakombo akifumba macho.

Nikafunua.

Kioo cheupe. Hakuna Bismillahi, hakuna aya, hakuna kitu. Ila kwa ndani, chini ya kioo, kulikuwa na matone madogo yanatembea. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza vyote. Nikaiinamisha, matone yakahamia upande wa pili. Mashine ilikuwa inanukia waridi.

Nikaelewa. Maalim kasimama na kalamu mkononi. Na mimi siwezi kumuuliza mama mkwe kitu kama hicho! Nikamgeukia Mwanakombo, mbele ya Mtoni nzima, nikamwomba amuulize mama yake kama labda, kwa bahati, anajua lolote. Mwanakombo akamuuliza. Bi Naima akamjibu Mwanakombo, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, bila wasiwasi wowote.

Alisema asubuhi, mimi nikiwa sokoni, alitawadha. Akachukua bakuli jeupe. Akakiinamisha kioo juu ya bakuli, akamimina marashi ya waridi na maji juu ya ile aya, kama mama yake alivyokuwa anaosha sahani ya kombe, ile inayoandikwa aya kwa zafarani ili mgonjwa anywe maji yake. Akanywa. Kilichobaki akampa yule mwenye mjukuu asiyelala. Alishangaa kidogo kwamba maji yametoka meupe, hayana rangi ya zafarani, ila akajua ni wino wa Dubai.

Watu wote wakamtazama Maalim. Mimi nikaitazama sakafu. Maalim akauliza kama kuna tone lililodondoka chini. Bi Naima akasema hakuna, alitandika kanga mpya.

"Basi kimeoshwa inavyotakiwa," akasema Maalim. "Mie swali hili lilikuwa linaninyima usingizi, nashukuru mwenye akili amelimaliza."

Akaomba dua ndefu. Tukaitikia amina. Akasema uzinduzi umekwisha, pilau liletwe.

Nilimwendea Mzee Muhdhar na sentensi niliyoitunga tangu nilipofunua kioo, yenye maneno amana na dhamana ndani yake. Hakuniacha niimalize. Aliuliza magoti ya Bi Naima yanaendeleaje. Nikasema yanaendelea. Akasema kile kitu kimekaa dukani kwake bila kumfaa mtu, na leo kimemfaa mama wa watu, kwa hiyo nile nishibe, Mazin ataelewa.

Wateja: hakuna. Au niseme karibu hakuna. Mama mmoja alikuja kuuliza kama anaweza kuagiza, ila anataka iliyokwisha kuandikwa na Maalim. Nikaruka! Mteja! Mwanakombo akasema anaagiza ya kunywa, hiyo haihesabiki. Nikataka Maalim aamue. Maalim alikuwa anakula.

Anwar alibaki kupanga viti. Nilisubiri anicheke, nilikuwa nimeshaandaa jibu. Hakunicheka. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu. Kompyuta yake ilikufa mwezi wa pili, ndiyo maana hafunui kitambaa, anaogopa watu watasema. Akasema mimi angalau nimefunua mbele ya watu wote. Nikamfungia pilau la kupeleka kwa mama yake.

Watu walipoisha nikaanza kubandua kibao changu cha mlangoni, kile chenye neno Mkurugenzi. Nilijisikia vibaya sana, na si kwa sababu ya mashine. Niliangalia uani nikaona cherehani imefunikwa nailoni, na kuku amelala juu yake. Miaka yote hii. Mwanakombo akaja akasimama karibu yangu, akatazama chumba kwa jicho la kupima.

"Baba Farida, meza yako isogeze pale dirishani, usiitoe," akasema. "Watu wakija kupima sare wanataka kukaribishwa, na we kukaribisha watu unajua."

Ndiyo mke niliyepewa. Simstahili, na leo nimemwambia hivyo. Akasema anajua.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumehamisha cherehani. Anwar kabeba upande mmoja, mimi mwingine, Bi Naima akitoa maelekezo kupitia kwa Mwanakombo. Kabati limesogezwa. Mwanakombo amepaka chokaa ukuta mmoja mwenyewe.

Sikujua chumba kile kina mwanga namna ile.

Jumatatu, 12 Agosti

Mwalimu Bernadeta amekuja! Nilimpokea barabarani, nikamfungulia mlango, nikampa kiti cha Anwar ambacho bado hakijarudishwa, nikamweleza mwelekeo wa kampuni. Alimwambia Mwanakombo kwamba mume wake ni mcheshi. Halafu akashika kitambaa, akatazama mshono kwa ndani na nje, akatazama sakafu, akasema kazi yote ni yake. Sare zote, na mwakani pia.

Mwanakombo alimsindikiza mgeni hadi mlangoni. Mgeni alipoondoka akakaa kwenye cherehani akaimba, na hajaimba akishona tangu Farida yuko mgongoni. Nilikaa pale dirishani nikamsikiliza tu. Nimefurahi, sisemi uongo. Nimejifunza mengi wiki hii. Mtu anapaswa kujua kikomo chake, kuridhika, na kumwacha mwenye kazi afanye kazi. Nimeazimia kuishi hivyo kuanzia sasa.

Alasiri Mzee Muhdhar aliniita. Mazin amepiga simu. Hakukasirika, alicheka hadi simu ikakatika, akapiga tena. Na amesema analo jambo lingine huko Dubai: kamera mpya kabisa, haitumii filamu! Unapiga, picha inakaa ndani. Mzee Muhdhar anasema yeye hana haja nayo. Mazin anasema akipatikana mtu mmoja tu.

Niliona yote papo hapo. Picha za pasipoti, harusi, maulidi, vitambulisho vya chekechea nzima! Temeke yote, baadaye Kinondoni. Kinachokosekana ni kitu kimoja, chumba cha giza cha kusafishia picha. Chumba cha Bi Naima kina dirisha dogo tu, na likizibwa na blanketi kitafaa kabisa.

Mwanakombo aliuliza, huku mguu wake unaendelea kukanyaga cherehani, kama kamera haina filamu, huko gizani kitasafishwa nini. Mambo ya picha yana utaalamu wake. Nimemwomba tu amuulize mama yake, kwa heshima zote, kama ataona tabu kuhamia chumba cha Farida.